Kichwa Kuuma Upande Mmoja Pamoja na Jicho

Mwezi huu tunaanza na barua iliyotufikia miezi mitano iliyopita. Imetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 47, ambaye ametuomba tusitaje jina lake wala parokia yake. Anasema kwa muda wa miaka miwili amekuwa akiumwa kichwa upande wa kulia tu. Maumivu huanzia nyuma ya jicho, kana kwamba kuna mtu ndani analisukuma litoke, kisha hupanda kwenye panja na paji la uso. Ametibiwa malaria mara tano, na katika hizo mara tatu hakupimwa damu. Jirani alimpeleka kwa mganga, akachanjwa chale kwenye panja. Vidonge vya maumivu amemeza vya kila rangi. Mwishoni kabisa mwa barua, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, ameongeza kwamba jioni nyingine, anaposahihisha madaftari katika mwanga hafifu, huona duara zenye rangi za upinde wa mvua zikiizunguka taa. Baada ya hapo kichwa huanza, na mara mbili ametapika. Akilala, asubuhi huamka mzima. Anauliza: Je, hiki ni kipandauso, au nitapofuka?

Tulipofika kwenye yale maneno ya mwisho hatukungoja kumjibu katika ukurasa huu. Tulimwandikia siku ileile. Kwa nini tuliharakisha, tutaeleza mbele kidogo. Kwanza tuone ni kwa vipi kichwa na jicho huumwa pamoja.

Kila upande wa uso wetu unahudumiwa na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Mshipa huo hugawanyika matawi matatu: la juu huenda kwenye jicho, paji la uso na mbele ya utosi, la kati kwenye shavu, pua na meno ya juu, na la chini kwenye taya. Matawi ya huohuo mshipa hufika pia kwenye ngozi zinazoufunika ubongo na mishipa yake ya damu. Kwa hiyo ni kama nyumba kadhaa zinazotumia waya mmoja wa simu. Simu inapolia, anayeipokea hajui mara moja imepigwa kutoka nyumba ipi. Jino bovu la juu laweza kusikika kama maumivu ya jicho, jicho lililojaa shinikizo laweza kusikika kama kichwa, na shida iliyo ndani ya fuvu yaweza kusikika kama jicho. Na kwa kuwa kila upande una mshipa wake, maumivu hubaki upande mmoja.

Ndiyo maana swali la kwanza si "panauma wapi?" Mgonjwa huonyesha mahali palepale, hata kama magonjwa ni saba mbalimbali. Maswali yanayosaidia ni mengine. Maumivu hudumu kwa muda gani? Jicho lenyewe linaonekanaje? Na lile ambalo husahauliwa mno: je, jicho hilo linaona sawasawa?

Kipandauso

Wengi wanaoumwa kichwa upande mmoja wana kipandauso. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana duniani, na kwa watu wazima huwapata wanawake kama mara tatu zaidi ya wanaume. Mara nyingi huanza katika ujana, na aghalabu mama au shangazi naye alikuwa nao. Maumivu ni ya kupwita, yaani yanadunda pamoja na moyo, na huzidi mtu akipanda ngazi au akiinama kufagia. Yasipotibiwa hudumu kuanzia saa 4 hadi siku 3. Mgonjwa huona kichefuchefu, pengine hutapika, na hawezi kustahimili mwanga wala kelele. Hutafuta chumba chenye giza, hujifunika kanga, na hataki mtu amsemeshe.

Baadhi yao, kabla ya maumivu, huona mistari ya kumetameta yenye meno kama ya msumeno, au sehemu ya kitu wanachokitazama hupotea. Hali hiyo huja polepole, hudumu kati ya dakika 5 na saa moja, kisha huondoka. Ukifumba jicho moja bado utaiona, kwa sababu haitoki jichoni bali kwenye ubongo. Ikumbukwe tofauti hii, maana tutairudia. Mwanamke aonaye mistari ya namna hiyo amweleze daktari kabla ya kuandikiwa dawa yoyote yenye homoni ya estrojeni, kwani vikikutana hivyo viwili hatari ya kiharusi huongezeka, na zaidi kwa anayevuta sigara.

Kipandauso si jini, si mdudu anayetembea kichwani, wala si damu mbaya inayohitaji kutolewa kwa chale. Wanaochanjwa chale hupata nafuu kwa sababu kipandauso huisha chenyewe hata hivyo, na sifa humwendea mganga. Wembe uliokwisha kutumika kwa mwingine waweza kuleta virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Nani angependa kubadilisha ugonjwa wa siku mbili kwa ugonjwa wa maisha?

Yanayokiamsha yanajulikana: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukaa na njaa, kutokunywa maji ya kutosha, siku za hedhi, mwanga mkali, harufu kali, na wasiwasi, au hata wasiwasi unapokwisha, kama kwa walimu wanaougua siku ya kwanza ya likizo. Anayekunywa chai au kahawa nyingi kila siku akiiacha ghafla naye huumwa. Hapa tuseme neno juu ya kufunga, maana kila Kwaresima tunapata maswali. Sheria ya kufunga chakula siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu huwahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60, na wagonjwa hawabanwi nayo. Mwenye kipandauso kinacholetwa na njaa azungumze na paroko wake juu ya malipizi ya namna nyingine. Tumewahi kumwona mama aliyebebwa kutoka kwenye Njia ya Msalaba akitapika, na wengine wakidhani ana mimba.

Kuhusu dawa, siri kubwa ni kuwahi. Kidonge kinachomezwa maumivu yanapoanza husaidia. Kile kinachomezwa baada ya saa tatu, tumbo likiwa limekwisha kulegea, mara nyingi hutapikwa. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo wala pumu aweza kumeza aspirini miligramu 900, yaani vidonge vitatu vya miligramu 300, au ibuprofeni miligramu 400, baada ya kula kidogo. Asiyeweza kutumia hizo ameze parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500. Aspirini wasipewe watoto wala vijana walio chini ya miaka 16. Wajawazito wasijitibu kwa aspirini wala ibuprofeni, waulize kliniki kwanza. Ziko pia dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kipandauso hasa, kama sumatriptani, ambazo huandikwa na daktari na hazifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Lakini dawa hizi za maumivu zina mtego. Anayezimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, huanza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini ndani yake, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta balaa hilo. Kichwa huuma kila asubuhi, mtu humeza, hupoa, kesho huuma tena. Hapo dawa ni kuacha dawa, na wiki mbili za kwanza ni ngumu. Yeyote anayeugua mara nne au zaidi kwa mwezi asiishi kwa vidonge vya maumivu. Aende hospitali aandikiwe dawa ya kuzuia, kama propranololi, isipokuwa ana pumu, au amitriptilini kidogo usiku.

Maumivu yanayokuja kwa saa yake

Upo ugonjwa mwingine, adimu zaidi, ambao huwapata wanaume kuliko wanawake. Madaktari huuita maumivu ya kichwa ya makundi, kwa sababu huja kila siku kwa wiki kadhaa, kisha huondoka miezi mingi au hata miaka. Maumivu hukaa ndani na kuzunguka jicho moja, makali kuliko ya kuchomwa kisu, na hudumu kati ya robo saa na saa tatu. Mara nyingi humwamsha mtu usiku saa ileile. Jicho la upande huo huwa jekundu na kutoa machozi, pua huziba au kuchuruzika, kope hulegea.

Tofauti na kipandauso ni hii: mwenye kipandauso hulala kimya, huyu hawezi kutulia. Hutembea huku na huku, hujigonga ukutani, na jamaa hudhani amerukwa na akili. Katika kipindi hicho pombe, iwe bia, mbege au ulanzi, huweza kuyaleta maumivu mara moja. Parasetamoli haimsaidii, kwani kabla haijafanya kazi maumivu yameshapita. Kinachosaidia ni hewa ya oksijeni kwa barakoa, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa robo saa, au sindano ya sumatriptani. Na ipo dawa ya kuzuia inayoitwa verapamili. Mitungi ya oksijeni ipo katika hospitali nyingi, lakini wengi hawajui kwamba inatibu kichwa. Mgonjwa wa namna hii asione haya kumtajia daktari jambo hilo.

Jicho lenyewe likiwa ndilo mgonjwa

Sasa tumrudie mwalimu wetu. Zile duara za rangi kuizunguka taa si mistari ya kipandauso. Hizi huonekana kwa sababu kioo cha mbele cha jicho kimelowa majimaji na kuvunja mwanga kama matone ya mvua yanavyofanya. Na sababu kubwa ya kulowa ghafla namna hiyo ni shinikizo ndani ya jicho kupanda.

Jicho hutengeneza majimaji mchana na usiku, na majimaji hayo hutoka kwa njia nyembamba iliyoko pembeni, pale duara lenye rangi linapokutana na kioo cha mbele. Kwa watu wenye macho madogo, na hasa wale wanaohitaji miwani minene inayoyafanya macho yao yaonekane makubwa, njia hiyo ni finyu. Kadiri umri unavyoongezeka lenzi ya ndani hunenepa na kuifinya zaidi. Jioni, katika mwanga hafifu, mboni hupanuka, duara lenye rangi hukunjamana pembeni, na njia huzibwa kama mfereji uliozibwa na majani. Shinikizo la kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha madaktari wa macho. Njia ikizibwa kabisa laweza kupita 50. Mtu akilala mboni husinyaa, na pengine njia hufunguka yenyewe. Ndiyo sababu mwalimu aliamka mzima, na ndiyo sababu watu huendelea miaka miwili wakiamini ni kipandauso.

Siku njia isipofunguka, hapo ndipo msiba. Jicho huwa jekundu, kioo chake hufifia kama dirisha lenye ukungu, mboni hubaki imepanuka nusu na haisinyai ukiimulika kwa tochi. Kuona hupungua haraka. Ukilipapasa polepole juu ya kope iliyofumbwa, na kulinganisha na lile jingine, ni gumu kama gololi. Mgonjwa hutapika sana, na hapo ndipo watu hupotezwa njia: mwenye kutapika na kuumwa kichwa hutibiwa malaria au tumbo, huwekewa maji ya mshipa, na hakuna anayemfungua jicho. Saa zinapita. Mshipa wa fahamu wa kuonea ukibanwa kwa muda huo hufa, wala haufufuki kwa dawa yoyote.

Anayefika mapema huokolewa. Hupewa asetazolamidi na matone ya kushusha shinikizo, kisha daktari wa macho hutoboa kitundu kidogo katika duara lenye rangi kwa mwanga wa leza, ili majimaji yapate njia nyingine. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Jicho la pili nalo hutobolewa, kwa kuwa limeumbwa kama mwenzake na zamu yake ingefika. Tuongeze kwamba dawa kadhaa zinazopanua mboni huweza kulifunga jicho finyu, zikiwemo baadhi za mafua na za mkazo wa tumbo, na hata ile amitriptilini tuliyoitaja kwa ajili ya kipandauso. Kwa hiyo kukosea ugonjwa si kupoteza muda tu. Dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kuuamsha mwingine.

Huku kwetu liko jambo jingine linaloleta balaa hilohilo: mtoto wa jicho aliyeachwa miaka mingi. Mzee huambiwa na majirani asubiri "aive". Akiiva kupita kiasi lenzi huvimba na kuziba njia, au huvuja ndani, na jicho ambalo halikuwa likiuma huanza kuuma kichwa kizima usiku mmoja. Siku hizi hakuna haja ya kusubiri chochote. Mtoto wa jicho hutolewa mara anapoanza kumzuia mtu kufanya shughuli zake.

Msomaji mwingine atasema: basi mimi siumwi, sina presha ya macho. Hapana. Aina ya presha ya macho iliyoenea zaidi miongoni mwa Waafrika haiumi hata kidogo, nayo hula uwezo wa kuona kimyakimya kutoka pembeni. Habari yake ni ndefu, tutaiandikia siku yake. Leo tunasema juu ya ile inayouma.

Jicho laweza pia kuumia na kupeleka maumivu kichwani kwa sababu nyingine. Kuna uvimbe wa ndani ya jicho, ambao hulifanya jicho liwe jekundu kuzunguka kioo, liogope mwanga, na mboni iwe ndogo. Nyuma yake pengine kuna kifua kikuu, kaswende au upungufu wa kinga. Kuna kidonda cha kioo cha mbele, ambacho wakulima hukipata wakati wa mavuno jani la mahindi au kapi la mpunga linapolikwaruza jicho. Hayo yote hutibika yakiwahiwa. Yanayoyaharibu ni mawili: majimaji ya majani, mkojo na maziwa ya mama yanayotiwa jichoni, na matone yanayonunuliwa dukani bila cheti. Tazameni kichupa. Kikiandikwa deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, msitie bila amri ya mtaalamu wa macho. Matone hayo huondoa wekundu upesi, mtu akafurahi, kumbe kidonda cha ukungu kinastawi chini yake, au shinikizo la jicho linapanda taratibu.

Mkanda wa jeshi usoni

Virusi vya tetekuwanga hubaki vimelala katika mishipa ya fahamu baada ya mtu kupona. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee, kwa VVU au kwa sababu nyingine, huamka na kutembea katika mshipa mmoja, upande mmoja. Likiwa ni lile tawi la juu la uso, mtu huhisi paji la uso na jicho vinaungua kama moto siku kadhaa kabla ya lengelenge lolote kuonekana. Kisha malengelenge hutokea, na hayavuki mstari wa katikati ya uso. Yakifika kwenye ncha ya pua, jicho lipo hatarini sana. Dawa ni asiklovia, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7 au zaidi, nayo hufaa hasa ikianza ndani ya siku 3 tangu malengelenge kutoka. Wakati huohuo mgonjwa ashauriwe kupima VVU. Si hukumu. Wengi waliogunduliwa kwa njia hii leo wanatumia dawa na wanalea wajukuu.

Pua, meno na miwani

Haya tutayapita haraka. Mianya ya hewa iliyoko juu na chini ya jicho ikiingiwa na uchafu baada ya mafua, huuma upande huo, huzidi ukiinama, na makamasi mazito hutoka. Nyingi ya hizo hupona bila dawa za kuua bakteria ndani ya siku 10. Lakini mtoto mwenye mafua na homa ambaye kope za jicho moja zinavimba, na jicho linatokeza nje au haligeuki, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Jino bovu la juu huonekana kwa mganga wa meno. Na wale waliofikisha miaka 40 wanaoisogeza Biblia mbali ili wasome, wakamaliza sala ya jioni na macho mazito, wanahitaji miwani ya kusomea. Macho ya namna hiyo huchosha pande zote mbili, hayaleti kutapika wala hayaamshi mtu usiku.

Malaria nayo huumiza kichwa, lakini kwa kawaida kichwa chote, pamoja na homa. Kipimo cha haraka kipo hadi kwenye zahanati. Kikisema hakuna malaria, tukubali, na tutafute kitu kingine.

Zipo hali ambazo hatushauri mtu alale nazo hata usiku mmoja. Kichwa kilicholipuka ghafla kama radi, kikawa kikali kuliko vyote alivyowahi kuumwa. Kope lililoanguka, mboni ya upande huo ikapanuka, na vitu vikaonekana viwili viwili; hapo huenda mshipa wa damu ubongoni umevimba na unakaribia kupasuka. Kichwa chenye homa na shingo ngumu, au degedege, au kuchanganyikiwa. Kichwa kinachozidi siku hadi siku kwa mwenye VVU, hata kama shingo haijakakamaa. Mama mwenye mimba iliyopita wiki 20, au aliyejifungua wiki chache zilizopita, akiumwa kichwa na kuona ukungu au vimulimuli, apimwe presha ya damu mara moja. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, anaweza kuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Na mtu aliyepita miaka 50 ambaye hakuwahi kuumwa kichwa, sasa panja linauma akichana nywele na taya linachoka akitafuna, aweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani unaopofusha. Ugonjwa huo ni adimu kwa Waafrika lakini unajulikana sana kwa wazee wa Ulaya, kwa hiyo wanaowatunza wamisionari wetu wazee waukumbuke.

Jaribio la nyumbani ni dogo. Mgonjwa afunike jicho moja kwa kiganja, asome kalenda iliyo ukutani. Kisha afunike la pili. Tunashangaa ni watu wangapi wamepoteza kuona kwa jicho moja na hawakujua, kwa kuwa jingine lilifanya kazi ya yote mawili. Kisha mwenzake amtazame machoni penye mwanga: je, jicho ni jekundu? Kioo kinang'aa? Mboni zinalingana? Jicho likiwa jeupe, linaona vizuri, mboni zinalingana, na maumivu ni yaleyale aliyoyazoea tangu ujana, anaweza kumeza dawa yake na kulala. Vinginevyo aende kituo cha afya, na aseme kwa sauti neno "jicho" kabla ya neno "kichwa". Kituo kisichokuwa na mtaalamu kimwandikie rufaa kwenda penye idara ya macho, kama KCMC kule Moshi, Bugando Mwanza, au Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam.

Mwalimu wetu alikwenda. Siku aliyopimwa hakuwa na maumivu, na shinikizo lilikuwa la kawaida. Kama daktari angeishia hapo, angerudishwa nyumbani. Lakini kwa kuwa mwalimu alizitaja zile duara za rangi, daktari aliweka kioo maalumu juu ya jicho akaiona njia ya majimaji imefinyika, macho yote mawili. Ametobolewa kwa leza. Katika miezi minne tangu hapo hajaona rangi kwenye taa, ingawa kichwa kimemuuma mara mbili karibu na siku zake za hedhi, bila wekundu na bila ukungu. Hicho tumemwambia ni kipandauso halisi, maana mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili, na dawa yake ameshaijua.

Barua yake ya pili ina swali jingine. Mama yake mzazi ana miaka 72, huvaa miwani minene vilevile, na kwa muda mrefu amekuwa akisema kwamba usiku taa zina maua. Je, naye ampeleke? Tumemjibu: ndiyo, wiki hii.